Kwa mama wachanga wa Amu (Lamu): mwacheni mtoto na kimio chake

Wanangu wa Langoni na Mkomani, na nyinyi wa Shela na Matondoni,

Assalaam alaykum.

Tangu kusi ianze kuvuma nasikia vikohozi vya watoto usiku, nyumba hii na ile. Vichochoro vyetu vyembamba, siri haikai. Asubuhi nasikia na sababu zake: mmoja atasema baridi, wa pili jicho, wa tatu atauliza, "Mumemtazama kimio?" Huyo wa tatu ndiye aliyenishikisha kalamu.

Mimi nilimkatisha mwanangu kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Alikuwa na miaka 3, akikohoa alfajiri hadi kutapika, na mchana mzima anacheza kama hana lake. Nikaambiwa kimio kimeteremka, chamkuna koo. Akaja mtu na kisu chake, nami nikamshika mwanangu kichwa kwa mikono yangu miwili. Damu ilitoka mpaka Isha. Kikohozi kikapumzika siku chache, nikasifu, kisha kikarudi kile kile, saa ile ile. Alipofika miaka 7 ndipo daktari alipomsikiliza kifua na kuniambia ni pumu. Leo ni nahodha, pampu yake ya dawa ya kuvuta hukaa mfukoni pamoja na simu. Mimi lile beseni la damu bado naliona.

Pumu iko chini, ndani ya mapafu. Vijia vya hewa vya mtoto huyo ni vyepesi kukasirika: vikiguswa na moshi, vumbi, mafua, hata kicheko kirefu, huvimba, hujaa makohozi na kubana. Ndiyo ule mluzi mnaousikia akitoa pumzi. Kimio kiko juu mlangoni, hakijui lolote.

Lakini si kila kikohozi ni pumu. Watoto wengi wa chini ya miaka 5 hupiga mluzi wakishikwa na mafua, na wakikua huacha. Daktari akisita kulitaja jina, msimwone hajui. Kile chombo cha kupuliza cha kupimia mapafu, mtoto mdogo hakiwezi, basi yeye hutegemea maneno ya mama. Mpelekeeni maneno: chaja saa ngapi, baada ya nini, nani mwingine nyumbani ana pumu au ukurutu. Na akibanwa usiku, mrekodini kwa simu, kifua wazi, taa ikiwaka. Maana asubuhi mkifika hospitali huwa anacheka, na waongo mwaonekana nyinyi.

Kikohozi kikipita wiki 2, dukani basi, apelekwe akatazamwe. Kifua kikuu nacho hukohoza, hasa mtoto akikonda au nyumbani mna mkubwa anayekohoa. Na kikianza ghafla akiwa anamumunya mabuyu, ulizeni kokwa imekwenda wapi.

Sasa mtanikasirikia. Udi. Sisemi muuache, nami nguo zangu za Ijumaa hazivaliki bila kufukizwa. Nasema moshi ni moshi, uwe wa kuni, wa sigara ya baba, wa dawa ya mbu ya kuwasha au wa udi wa zawadi ya hujaji. Mapafu ya mtoto hayajui bei. Fukizeni kiwandani (watu wa bara wasidhani nasema mashine, ni ule ua wa ndani ya nyumba zetu) au juu darini, mtoto akiwa kwa jirani. Kuta zenye kuvu zisuguliwe, magodoro ya sufi yatolewe juani. Paka humdhuru huyu asimdhuru yule. Msiwafukuze kabla hamjachunguza. Mende ndio mashaka, na watu huwanyamazia kwa haya.

Asali na ndimu sawa, ila aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa. Samli puani na mafuta ya taa mdomoni, hayo yakiingia mapafuni ni balaa jingine.

Tena mwasema pampu ikizoewa haiachwi. Nani aliyewahi kumwambia mvaa miwani hivyo? Dawa ya kuvuta huenda pale pale penye ugonjwa, kwa kipimo kidogo kuliko vidonge. Ziko mbili, ulizeni ipi ni ipi: ya kufungua kifua, inayofanya kazi kwa dakika chache, na ya kuzuia, inayovutwa kila siku hata mtoto akiwa mzima, kisha asukutue. Hii ya pili wengi huitupa kwa kuwa siku ya kwanza hawaoni kitu.

Mtoto akipuliziwa kinywani moja kwa moja, dawa huishia kooni. Hutakiwa chombo cha kukaa kati ya pampu na kinywa, na cha kununua kikikosekana, chupa ya plastiki ya nusu lita: tundu kitakoni, lilingane na mdomo wa pampu, lisivuje. Madaktari wa Cape Town waliijaribu chupa hiyo kwa watoto wa miaka 5 hadi 13 waliobanwa, na mwaka 1999 wakachapisha kwamba yafanya kazi kama chombo chenyewe. Puliza mara moja, mtoto aheme mara tano sita, ndipo ya pili. Mdogo zaidi huhitaji barakoa, muuguzi atawaonyesha.

Akiwa ametulia, hesabuni pumzi zake dakika nzima. Wa miezi 2 hadi mwaka akifika 50, na wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, hospitali siku hiyo hiyo. Mbavu zikiingia ndani, akishindwa kunyonya au kusema, midomo ikibadilika rangi, ondokeni saa hiyo, mkimpulizia njiani. Walio Pate na Siyu wajua maji yakitoka mashua hulala mchangani, basi dalili za alasiri msizibebe hadi usiku.

Mimi hukaa barazani baada ya sala ya alasiri. Mwenye pampu isiyo na chupa aje nayo; msumari wa kupasha moto ninao, na tundu nimeshajua kulitoboa bila kuiunguza chupa nzima.

Bibi yenu,
Langoni