Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: hiyo bilioni moja iko upande gani?

Kwa Kamishna wa Bima,
Mamlaka ya Kudhibiti Bima,
Nairobi.

KUH: MTAJI WA KAMPUNI ZINAZOUZA BIMA YA MAISHA NA BIMA YA JUMLA KWA PAMOJA

Mheshimiwa Kamishna,

Mimi ni wakala wa bima hapa Mombasa. Stika za magari nauza, bima za elimu ya watoto nauza, na mara nyingi zote mbili zinatoka kampuni moja. Siku hizi wateja wananiuliza swali ambalo siwezi kulijibu nikiwatazama usoni: kampuni ikizidiwa na madai ya ajali za matatu, akiba ya karo ya mtoto wangu itakuwaje?

Sheria inavyosema naijua. Tangu Sheria ya Fedha ya 2015, anayeuza bima ya jumla (ya magari, nyumba na mali nyingine) hana budi kuwa na mtaji usiopungua shilingi milioni 600, na wa bima ya maisha milioni 400. Anayeuza zote anajumlisha, inakuwa bilioni moja. Na hicho ni kiwango cha chini tu. Ukipima hatari alizobeba, au kwa bima ya jumla ukichukua asilimia 20 ya ada za mwaka uliotangulia, ukapata kiasi kikubwa zaidi, basi hicho kikubwa ndicho kinachofuatwa. Zamani ilikuwa milioni 300 na 150. Kwa hiyo sisemi serikali ililala, ingawa muda wa kutimiza masharti hayo mapya ulisogezwa mbele na kampuni zikapumua.

Kinachonitia wasiwasi ni huko kujumlisha. Biashara hizi mbili hazilingani hata kidogo. Mwenye matatu analipa ada leo, gari linapata ajali mwezi ujao, kesi inakaa mahakamani miaka, na hukumu ikitoka bima inaweza kudaiwa hadi milioni 3 kwa majeruhi mmoja. Gari lenyewe lilibeba abiria kumi na wanne. Mwenye bima ya maisha naye anaweka kidogo kidogo miaka kumi na mitano, ishirini, bila kudai hata senti. Upande mmoja pesa zimetulia, upande wa pili mawakili wanabisha hodi kila wiki, na bodi inayoamua ni ile ile. Hata bodi ya watu waaminifu itashawishika.

Utanijibu kwamba Sheria ya Bima inataka pesa za maisha zikae kwenye mfuko wake wa kisheria, mbali na madeni mengine. Ni kweli, na ni kinga nzuri. Lakini mfuko hauna miguu. Unaendeshwa na kampuni, wafanyakazi wake, kompyuta zake, jina lake sokoni. Kampuni ikifungwa, nani atapokea ada ya mwezi ujao? Hilo tumeliona. Shirika la bima la serikali, Kenya National Assurance, lilikuwa likiuza za maisha na za jumla. Lilipofilisiwa 1996, wenye bima za maisha walibaki wakisubiri, hadi ikabidi kampuni nyingine iundwe mwaka 2001 ichukue mikataba yao. Kuna mzee aliyekuwa amebakiza miaka miwili mkataba wake ukomae, mwambie yeye habari za mfuko wa kisheria.

Wapo wanaotaka dawa iwe kupandisha viwango tu. Nakubali kwamba milioni 600 za 2015, dola ilipokuwa karibu shilingi 100, si milioni 600 za leo, hasa kwa kampuni inayonunua bima ya mtawanyo, yaani bima ya kampuni ya bima yenyewe, nje ya nchi. Lakini ukipandisha bila kutenganisha, unazifukuza kampuni ndogo ambazo ndizo zinazokubali matatu. Wakubwa neno matatu hawataki hata kulisikia (waulize mawakala wako wa Kongowea). Na kampuni kubwa iliyochanganya biashara itaendelea kuchanganya, ila kwa pesa nyingi zaidi.

Uganda walibadilisha sheria yao 2011 na kuzilazimisha kampuni zilizouza zote mbili zigawanyike. Hapa kwetu Jubilee na ICEA LION zimegawa biashara zao kuwa kampuni mbalimbali, na hazikufa. Kwa nini waliobaki wasipewe tarehe ya kugawanyika?

Mpaka tarehe hiyo ifike, naomba jambo moja unaloweza kuliamuru kwa waraka. Kampuni inayouza zote mbili iandike kwenye fomu ya maombi, mahali mteja anapotia sahihi, mtaji ilionao upande wa maisha na ilionao upande wa jumla, na kila mmoja unatosheleza kiasi gani cha kinachotakiwa. Namba nne tu. Ripoti zenu za robo mwaka mimi nazisoma, lakini mama muuza samaki anayeweka shilingi elfu mbili kwa mwezi hatazisoma, wala si kazi yake. Kazi yake ni kulipa ada, na analipa.

Na tafadhali, waraka huo utupe sisi mawakala haki ya kukataa kuuza mkataba ambao fomu yake haina namba hizo, bila kupokonywa uwakala na kampuni. Nikikataa leo kwa hiari yangu, kesho nina barua ya kusitishwa.

Wako mwaminifu,
Wakala wa bima,
Mombasa.