Kabla Hujamkabidhi Fundi Kompyuta Zako

Kibaigwa, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba steshenari yako ya jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma imeanza kupata wateja, na kwamba wanafunzi wanakuja kuchapisha tasnifu zao hadi usiku. Kilichonifanya nikuandikie haraka ni habari ya zile kompyuta mbili zinazozimika zenyewe mchana, na swali lako kama umpe kazi kijana aliyeahidi kuzipiga Windows (programu kuu inayoendesha kompyuta) upya zote siku hiyohiyo kwa bei nafuu.

Kwa maoni yangu, anayetaja tiba kabla hajaifungua mashine usimpe kazi hiyo. Kompyuta inayofanya kazi vizuri asubuhi kisha ikazimika jua linapokuwa kali, mara nyingi inashindwa kupoa. Unalijua vumbi letu la kiangazi: huingia kupitia matundu ya pembeni, likagandamana kati ya feni na mapezi membamba ya chuma yanayotoa joto, hadi likawa utando mzito wa kijivu unaobanduka mzima kama kipande cha blanketi. Hewa isipopita, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, hujipunguzia kasi, na joto likizidi mashine hujizima isije ikaungua. Windows mpya haiondoi vumbi, ila inaweza kabisa kufuta kazi za watu zilizomo. Aidha, umeme unaoyumba au pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine) iliyochoka huleta dalili zinazofanana na hizo, na ndiyo sababu kupima hutangulia kutengeneza.

Uliza makarani wa shule na wahasibu wa maduka makubwa hapo mjini ni nani amewahudumia kwa muda mrefu, na hasa uliza alifanya nini siku kazi yake ilipoharibika. Awe na mahali panapojulikana, atoe risiti, na akubali kuandika makadirio yake. Cheti ni kitu kizuri, lakini mimi humpima fundi zaidi kwa maswali anayouliza: tatizo limeanza lini, kulitokea nini kabla yake, na nakala za kazi zako ziko wapi.

Ukishampata, nawe una wajibu wako. Andika dalili kama zilivyo: saa ambayo mashine huzimika, kilichokuwa kimefunguliwa, sauti uliyoisikia, na maneno yaliyotokea kwenye skrini, ambayo ni vyema uyapige picha kwa simu. Usimwambie kwamba RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, imekufa, kwa sababu ukishamwambia hivyo atakuuzia RAM, na lawama itabaki kwako. Kabla mashine haijatoka dukani, weka kazi zote kwenye diski ya nje, kisha zifungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe kwamba zinasomeka. Nakala ambayo haijajaribiwa mimi siihesabu. Iwapo diski ya ndani ya mashine inagonga-gonga kwa sauti kavu, izime mashine na usiiwashe tena kujaribu bahati, kwa kuwa kila kuiwasha kunaweza kuiharibu zaidi. Mwambie fundi kwamba kuokoa kazi kunakuja kwanza na matengenezo baadaye.

Zingatia pia kwamba kwenye mashine zako zimo nakala za vitambulisho na vyeti vya wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakutaka uzilinde, kwa hiyo ziondoe au uzifunge kwa neno la siri kabla hujaikabidhi kompyuta. Neno la siri la barua pepe yako asipewe kabisa.

Katika malipo, kubalianeni kwanza gharama ya uchunguzi peke yake. Akishajua tatizo, akuandikie bei ya spea na ya ufundi kila moja peke yake, pamoja na muda wa waranti, na asibadilishe kitu chochote kabla hujaridhia. Andika namba za diski na RAM zako kabla hazijaondoka, na udai spea za zamani urudishiwe. Malipo ya awali yasizidi bei ya spea.

Mwulize pia kuhusu Windows 10, kwa sababu Microsoft ilimaliza kuihudumia kwa kawaida, yaani kuipa masasisho ya usalama, tarehe 14 Oktoba 2025, na wewe unapokea flashi za kila mwanafunzi na virusi vyake. Windows 11 inahitaji TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta) na prosesa ya miaka ya karibuni, hivyo baadhi ya mashine za mtumba haziipokei. Akuoneshe kwenye skrini kama zako zinakidhi, asikuambie kwa mdomo tu ununue mpya.

Makadirio yakiwa tayari, yapige picha unitumie kabla hujalipa. Baba yako anakusalimu, na ndugu zako wote ni wazima.

Ni mimi mama yako.