Wanafunzi wa umeme wapewe kitabu kizima, si fotokopi za noti

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jinsi vijana wetu wa vyuo vikuu hapa Mombasa wanavyosoma somo la umeme na sumaku bila ya kuwa na kitabu. Mimi ni mhandisi wa umeme niliyestaafu, na kwa kuwa nimetumia maisha yangu ya kazi kwenye mota na transfoma, somo hili nalithamini mno.

Mwezi uliopita mpwa wangu, ambaye yuko mwaka wa kwanza katika chuo ambacho sitakitaja, alinijia nyumbani Tudor na noti za kurasa thelathini na nane, zilizotolewa fotokopi ya fotokopi hata herufi zimefifia. Hizo ndizo alizopewa kwa muhula mzima. Katika ukurasa mmoja imeandikwa kanuni ya Faraday, inayoeleza kwamba uga wa sumaku (yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku huhisika) unaobadilika ndani ya koili, waya uliozungushwa mizunguko mingi, huzalisha volti, na mbele ya hesabu hiyo pana alama ya kutoa. Nikamuuliza, "Mwanangu, alama hii inatoka wapi?" Akanijibu, "Mjomba, tumeambiwa tu tusiisahau kwenye mtihani."

Nilichukua kipande cha bomba la shaba cha urefu wa nusu mita hivi, nikamwambia aliangushe kokoto ndani yake, nalo likafika chini papo hapo. Kisha nikampa sumaku ndogo ya mviringo yenye nguvu, akaiachia vivyo hivyo. Alihesabu hadi nne kabla haijatokeza, ilhali shaba haivutwi na sumaku kamwe. Hapo ndipo nilipomweleza kwamba sumaku inaposhuka huamsha mikondo ya umeme katika kuta za bomba, na mikondo hiyo huzalisha uga wake wenyewe unaoizuia ile sumaku isiende kasi. Kuzuia huko ndiko alama ya kutoa inakosema, na ndiyo kanuni aliyoieleza Lenz mwaka wa 1834. Lau ingekuwa alama ya kujumlisha, sumaku ingezidi kusukumwa mbele, nasi tungevuna nishati bila ya kuigharimia chochote, jambo ambalo haliwezekani. Maelezo haya hupatikana katika kila kitabu kizuri cha somo hili, pengine pamoja na mchoro wa bomba lenyewe, lakini hayakuwamo katika zile kurasa thelathini na nane.

Kitabu cha chuo kikuu humwongoza msomaji hatua kwa hatua. Huanza na chaji za umeme zilizotulia na kanuni ya Coulomb ya mwaka wa 1785, inayoeleza jinsi chaji zinavyovutana au kusukumana, kikajenga dhana ya uga, kikaingia kwenye mkondo, ndipo kikafika kwenye jambo aliloligundua Ørsted mwaka wa 1820, kwamba waya unaopitisha umeme hugeuza sindano ya dira. (Manahodha wa majahazi yetu, ambao hawaruhusu chuma kisogezwe karibu na dira, wangeielewa sura hiyo upesi kuliko wengi.) Baada yake huja Faraday na majaribio yake ya 1831, na mwisho Maxwell, ambaye katika makala yake ya 1865 alionyesha kwamba umeme na sumaku vikiunganishwa hutoa mawimbi yanayosafiri kwa kasi ya mwanga, akahitimisha kwamba mwanga wenyewe ni mawimbi ya namna hiyo. Mwanafunzi anayepewa fomula peke yake haioni safari hiyo. Hana pia maswali ya mazoezi yanayopanda kutoka mepesi hadi magumu, na kwa maoni yangu mazoezi hayo ndiyo nusu ya thamani ya kitabu.

Ni lazima niongeze kwamba si kila kitabu kinafaa. Nilimwazima mpwa wangu kitabu changu cha zamani, naye akatafuta kani, yaani nguvu ya kusukumana, baina ya chaji mbili za maikrokulombi moja moja (sehemu ya milioni ya kulombi, kipimo cha chaji) zilizo umbali wa sentimita 10. Akapata sehemu moja ya bilioni kumi ya nyutoni, kipimo cha kani, ilhali jibu sahihi ni nyutoni 0.9 hivi, sawa na uzito wa gramu 90. Kosa halikuwa lake. Kitabu changu kinatumia vipimo vya sentimita, gramu na sekunde, ambavyo ndani yake kanuni ya Coulomb huandikwa bila ya kizidishi, naye alitia humo mita na kulombi zinazodai kizidishi cha bilioni tisa. Kwa hiyo wakuu wa maktaba wanaopokea vitabu vya msaada wavikague vipimo vyake kabla ya kuvipanga rafuni.

Najua nitaambiwa kwamba vitabu hivi ni ghali, na ni kweli. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani kimeweka kwenye intaneti tangu 2016 kitabu cha fizikia cha juzuu tatu ambacho mtu yeyote anaweza kukipakua bila malipo, na juzuu ya pili inafundisha umeme na sumaku kwa vipimo vya kimataifa. Leseni yake inaruhusu kuchapishwa na hata kutafsiriwa. Kinatosha mwaka wa kwanza, ingawa miaka inayofuata inahitaji kitabu kizito zaidi. Kuhusu tafsiri, maneno tunayo: uga, chaji, mkondo, ukinzani, kihami. Mhadhiri anayefundisha kwa Kiingereza hakatazwi kufafanua kwa Kiswahili pale darasa linapokwama.

Ninaviomba vyuo vyetu vichapishe nakala ishirini tu za juzuu hiyo, vizifunge kwa jalada gumu na kuziweka maktabani zisiazimwe nje, na kila mhadhiri ataje sura na maswali ya kila wiki. Nakala ya mpwa wangu niliichapisha mwenyewe, na sasa wenzake wanne wanaisoma kwa zamu.

Mhandisi mstaafu,
Tudor, Mombasa