Mazizi na vinu vya upepo virudi kwenye ramani ya Nevada

Kwa Mkurugenzi wa Idara ya Jiolojia ya Marekani (USGS),

Mheshimiwa, nakuandikia kuhusu ramani zenu za nyanda kavu za katikati ya Nevada.

Ramani za zamani za kipimo cha 1:24,000 zilisema mengi kwa wino kidogo. X ilikuwa shimo la mtafuta madini. Mraba uliojazwa wino nusu ulikuwa shimo la wima la kushukia mgodini, lile ambalo ukikanyaga mbao zake zilizooza, unazama. Y ilikuwa mlango wa mgodi ubavuni mwa mlima. Jirani na alama hizo palichorwa zizi, kinu cha upepo, tangi la maji, uzio. Mfululizo mpya ulioanza mwaka 2009 hutengenezwa kutoka kwenye hifadhidata, na alama nyingi za aina hiyo ziliachwa nje.

Kwa migodi mmefanya kazi kubwa, nami nashukuru kwa dhati: wataalamu wenu wa USMIN, mradi wa hifadhidata ya migodi na madini, walizipitia ramani za zamani na kuzihifadhi alama za uchimbaji kidijitali. Naomba alama za wafugaji zishughulikiwe kwa bidii hiyohiyo.

Historia ya wachimbaji na wafugaji haitenganishiki. Madini ya fedha yalipopatikana Austin, hapa Nevada, mwaka 1862, watu walimiminika, wakataka nyama, wakataka na nyasi za kulisha farasi na nyumbu. Bonde la Reese River likawa la wafugaji. Madini yalipopungua wachimbaji walitawanyika, ng'ombe wakabaki. Sheria ya Taylor ya 1934 ikaweka malisho ya umma chini ya vibali. Na kabla ya hao wote, maji ya bonde lile yalikuwa ya Washoshone wa Magharibi; zizi lililojengwa penye chemchemi linaonyesha waziwazi ni nani aliyeyachukua. Ukichora mashimo peke yake, hadithi hiyo yote inapotea.

Ninachoomba ni tabaka moja la ramani, la bure kama zilivyo ramani zenu nyingine, lenye mazizi, vinu, matangi na nyua, na kila alama iandikwe mwaka wa ramani ilikotoka. Mwaka huo usisahaulike, maana msafiri mwenye kiu anayelifuata tangi la 1956 lazima ajue kwamba huenda limekauka.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Reno, Nevada