Kwa mdogo wangu aliyeweka kamera chini

Mdogo wangu,

Umeniambia filamu ya nyanya umeiacha kwa sababu hukupata hata picha moja ya siku zake za lelemama. Nakujibu hadharani maana najua hujakwama peke yako. Kabla hujaiuza kamera, mtazame mtengeneza filamu Cheryl Dunye.

Alizaliwa Monrovia, Liberia, mwaka 1966, akakulia Philadelphia, Marekani. Ni mwanamke mweusi anayependa wanawake, na hakulificha hilo tangu video zake za mwanzo. Katika Janine, ya mwaka 1990, anakaa mbele ya kamera na kusimulia habari za msichana wa Kizungu aliyempenda walipokuwa shuleni. Basi.

Mwaka 1996 ikatoka The Watermelon Woman. Dunye alikuwa akiwatafuta waigizaji weusi wa kike wa Hollywood ya zamani, wale waliopewa nafasi za yaya na mpishi, hasa waliopenda wanawake wenzao. Kumbukumbu zilizohifadhiwa hazikumtosheleza, akamtunga mmoja: Fae Richards, nyota wa miaka ya 1930 ambaye filamu aliyoigiza haikumtaja hata kwa jina lake, ilimwita Mwanamke wa Tikitimaji. Mpiga picha Zoe Leonard akamtengenezea Fae maisha mazima, picha 78 zilizochakazwa zionekane za kale: Fae studioni, Fae nyumbani, Fae na mpenzi wake. Dunye mwenyewe anaigiza Cheryl, karani wa duka la kukodisha kanda, anayemsaka Fae mtaani na maktabani. Unaamini kabisa kwamba Fae aliishi, mpaka mwishoni maandishi yanapokiri kwamba mara nyingine historia hubidi uiunde mwenyewe, na kwamba yote haya ni ya kubuni. Kukiri kule ndiko kunakonifanya nimheshimu. Nawe ukimvika mtu leso za nyanya ukampiga picha, sioni dhambi, mradi mtazamaji aambiwe.

Bajeti ilikuwa kama dola 300,000, na 31,500 kati ya hizo zilitoka mfuko wa taifa wa sanaa wa Marekani. Kwa ajili ya kipande kimoja cha mapenzi, mbunge Peter Hoekstra akataka mfuko ukatwe kiasi hicho hicho. Yaani chumba cha kulala kikawa hoja ya bajeti! Tamasha la filamu la Berlin lilikuwa limeshaipa tuzo ya Teddy, ya filamu za wapenzi wa jinsia moja. Mwaka 2021 Maktaba ya Bunge, ya serikali ile ile, ikaiingiza kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa taifa.

Usidhani baada ya hapo alitembelea zulia. Stranger Inside, aliyoifanyia kituo cha televisheni cha HBO mwaka 2001, inahusu gereza la wanawake, na hadithi yake aliijenga pamoja na wafungwa wenyewe huko Minnesota. Mwaka 2004 akaongoza vichekesho vya studio, My Baby's Daddy, ambavyo hata mimi shabiki wake sivitetei. Mwaka 2010 akarudi kwa marafiki zake wakatengeneza The Owls kwa vijisenti. Mwaka 2014 akatoa Black Is Blue, filamu fupi kuhusu mwanamume mweusi wa Oakland aliyebadili jinsia kutoka ya kike. Baadaye akaingia kuongoza tamthilia za televisheni, zikiwemo Queen Sugar na Lovecraft Country. Wenye kusema amejiuza waseme. Kodi ya nyumba hailipwi kwa tuzo.

Anza na Janine, ni fupi. My Baby's Daddy iache mpaka siku utakapokuwa huna kabisa la kufanya.

Dadako