Mafundi cherehani, tupige hesabu ya umeme

Mhariri,

Naomba nafasi kwa ajili ya mafundi cherehani wenzangu wa hapa Mkuyuni, Mwanza. Wiki iliyopita ekstensheni yetu iliyoandikwa ampea 10, yaani mkondo wa umeme inaoweza kubeba, iliyeyuka, pasi na birika la umeme vikiwa vimechomekwa pamoja. Kitambaa cha sare za kwaya kiliungua, na mtoto wa mwenzetu alikuwa amelala chini ya meza.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: gawanya wati kwa volti, unapata ampea. Kwenye volti 230, pasi ya wati 1,150 inavuta ampea 5, birika la wati 2,300 linavuta 10. Jumla 15!

Jioni wenzangu hulalamika pasi haipati moto. Volti 230 ukigawa kwa ampea 5 unapata ukinzani, yaani jinsi pasi inavyozuia umeme kupita, wa omu 46, na huo haubadiliki sana. Umeme ukishuka hadi volti 200, gawa kwa 46: pasi inavuta ampea 4.35 tu, zidisha kwa 200, unabaki na wati 870 badala ya 1,150. Pasi ni nzima, msinunue nyingine.

Mafundi umeme, mkishafunga soketi, tuandikieni ukutani inabeba ampea ngapi. Kujumlisha tutajumlisha wenyewe.

Fundi cherehani,
Mkuyuni, Mwanza