Kibali cha ukaazi si cheti cha kodi

Mhariri,

Mtaani kwetu Isevya, Tabora, anaishi mzee wa Kimarekani aliyestaafu. Embe zetu kazizoea, na asubuhi hutusalimia "Mwangaluka" kama mwenyeji. Juzi alinijia anatabasamu: kibali chake cha ukaazi, daraja C, kimehuishwa. Nikamuuliza, "Na kodi je, mzee?" Akacheka. Kwake kibali kikishatoka, mambo yamekwisha.

Hayajakwisha. Uhamiaji wanaangalia ruhusa ya kukaa. Kodi ina sheria yake. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, anayekaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka ni mkaazi kwa kodi. Ambaye ukaazi wake wote haujazidi miaka miwili hutozwa kwa mapato ya humu nchini tu. Akivuka hapo, mapato yake ya dunia nzima yanahesabika, na pensheni inaweza kuingia humo. Jirani yangu huyu ana mwaka wa sita! Na Marekani nako humdai raia wake ritani, yaani taarifa ya mapato yake kwa ajili ya kodi, popote aishipo, mapato yakifika kiwango. Mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili tunao na Sweden, Norway, Canada na wengine. Na Marekani hatuna, ingawa sheria yetu inatambua kodi iliyolipwa nje.

Naomba wahusika wamkabidhi kila anayehuisha kibali ukurasa mmoja tu wa maelezo ya kodi, kwa lugha nyepesi. Mzee sasa ananigongea kila siku na faili lake, nami nilistaafu nipumzike.

Mhasibu mstaafu,
Isevya, Tabora